Keki ya Kusimama

Kila Jumamosi, tukishaendesha baiskeli kando ya ghuba ya Geelong, huku Australia, genge letu hukaa nje ya duka la mikate. Jumamosi moja Noelene, mfupi kuliko sote, alikuwa akila keki yake amesimama. Baiskeli yake ilichaguliwa na mumewe Kev, mrefu kama mlingoti.

"Mbona hukai?" nikamuuliza.

"Shoga, kile kiti cha baiskeli kimeniumiza, nikikaa nalia."

"Utazoea," akasema Kev, keki mdomoni. "Makalio yanataka mazoezi tu."

Yule bwana alinichefua. Nikachana kipande cha boksi la mikate, nikakitandika kwenye benchi. "Noelene, kalia hapa, uinue miguu."

Alipoinuka, mifupa ya makalio ilikuwa imeacha vishimo viwili kwenye boksi. Nikakipachika kile kipande juu ya kiti cha baiskeli yake: vishimo vyote viwili vikaangukia nje ya kiti, kimoja kila upande.

"Hiki si kiti, mwanamke. Ni kisu!" nikamwambia.

Genge zima likaangua kicheko, isipokuwa Kev.

Wiki hiyo Noelene akafunga kiti kipana, akakishusha mpaka miguu ikafika kwenye pedali bila kiuno kuyumba. Kile chembamba hakukitupa. Alikifunga kwenye baiskeli ya Kev, mchana kweupe, naye Kev, kwa vile alikwisha kusema mtu huzoea, hakuweza kukataa.

Jumamosi iliyofuata Noelene alikaa kitako, akaila keki yake taratibu. Kev alikula amesimama.

"Mazoezi, baba," Noelene akamwambia. "Mazoezi tu."