Mashine ya Hewa Iliyovishwa Kitambaa

Watu wakija Kigali kwa mara ya kwanza husifia usafi. Wakiona lami iliyofagiwa na nyasi zilizokatwa, simu nje, picha zinaanza. Sina neno nao. Ila ningependa mmoja wao, mmoja tu, aiache lami pale Kibagabaga, aingie kwenye kichochoro chetu mwezi wa saba, asimame nyuma ya lori la mchanga linalopanda kwa jirani anayejenga. Akimaliza kutema mate mekundu ndipo tuzungumze habari za usafi.

Nalichukia lile vumbi jekundu la kichochoroni kama mtu anavyomchukia mtu. Linapita chini ya mlango, linaingia kwenye sukari, linaingia kwenye vile vitundu vya juu ya madirisha ambavyo mafundi wa mji huu huviacha wazi ili nyumba ipumue. Nyumba ilipumua vizuri sana. Aliyeshindwa kupumua ni binti yangu wa miaka sita.

Ana pumu. Kila kiangazi hukohoa mpaka mbavu zinamuuma, na kiangazi hiki kilichopita daktari alituambia tupunguze vumbi kwenye chumba anacholala. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kusini kukaa nasi. Mume wangu alipomsimulia maneno ya daktari, mama alilaza kitenge chake vizuri magotini, akatoa hukumu.

"Mukazana, sikia. Mtoto akibanwa kifua tena, mimi naenda naye kwangu. Huku iko vumbi mingi, na weye unashinda ku kazi."

Mukazana ni mke wa mwana, na huniita hivyo siku akitaka kunikumbusha kwamba pale nimeolewa tu. Yeye kalelewa Bujumbura, mimi Mwanza, kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili. Mume wangu akachukua rimoti, akaongeza sauti ya televisheni. Nikaelewa kwamba nisipopata hewa safi mtoto wangu atachukuliwa, na kwamba nyumbani sina wa kunitetea.

Nikaenda mjini kutafuta mashine ya kusafisha hewa. Muuzaji wa kwanza alivaa tai na viatu vyenye ncha. Salamu hazijaisha, akaniuliza sebule yangu ina ukubwa gani. Nikamwambia nataka ya chumba cha mtoto. Akaniletea moja yenye taa ya buluu.

"Hii inatoa na harufu ya maua, madamu."

"Nimekuambia mtoto ana pumu."

"Basi tunazima harufu, inabaki taa."

Nikamuuliza ndani kuna kichujio cha namna gani. Akaigeuza, akatafuta kifuniko, akakikosa, akaigeuza tena. Ilipofunguka tukakuta kipande cha sponji kama ya kuoshea vyombo. Nikamwachia taa yake.

Duka la pili walikuwa na kichujio cha kweli, ile karatasi nzito iliyokunjwakunjwa inayonasa vumbi laini. Nikauliza kikijaa nitapata wapi kingine. Muuzaji akasema, bila aibu, kwamba kikijaa unanunua mashine nyingine. Nilicheka kwa hasira mpaka mlinzi akachungulia.

Kufikia hapo nilikuwa nimesoma vya kutosha. Nilijua kwamba kwa vumbi letu lazima mbele ya karatasi kuwe na wavu unaotoka, wa kunasa ule wekundu mzito, ambao utausugua kwa brashi mwenyewe. Nilijua mashine hupimwa kwa ukubwa wa chumba mlango ukiwa umefungwa, na kwamba karatasi itajaa upesi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyodai, kwa sababu aliyekiandika hajawahi kuishi kichochoroni kwetu. Mwenye duka la tatu alinijibu huku anatazama simu yake. Sikumpenda hata kidogo, lakini vichujio vya akiba vilijaa rafuni mwake, nami nikanunua.

Kesho yake nilitoka kazini Masoro, ambako nasimamia mizigo inayoingia kwenye ghala, nikaikuta mashine sebuleni. Ilikuwa imesimamishwa kando ya televisheni. Juu yake pametandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, ndugu wa vile vilivyovishwa televisheni, friji na migongo ya makochi. Juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Na mashine ile hutolea hewa juu. Ilikuwa inaguna.

"Mama, hii ni ya chumba cha mtoto."

"Kitu ya bei hivi unaificha ku chumba? Wageni wataiona wapi?"

"Wageni hawana pumu, mama."

"Na vumbi ingeiingia. Ndiyo maana nimeifunika."

Mashine ya kula vumbi imefunikwa isiingiwe na vumbi! Nikiwasimulia wenzangu ghalani wanashika mbavu. Siku ile sikucheka. Niliubeba mzigo wangu mpaka chumbani, nikafunga mlango kwa kishindo ambacho mama alikisikia na alikusudiwa akisikie.

Haikukaa siku tatu. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja kusali rozari, na mume wangu akairudisha sebuleni kwa mikono yake mwenyewe. "Ni leo tu," akaniambia nikiwa nafunga viatu. "Usimwaibishe mama." Nikaenda kazini nimemeza hasira. Nyuma yangu, mama akaona nyumba isafishwe kila kona kabla ya wageni. Akafagia chumba cha mtoto kwa ufagio mkavu, kwa nguvu zake zote, kama anavyofagia uwanja kila asubuhi, mtoto akiwa kitandani na kitabu cha kuchora.

Nilipigiwa simu mchana. Nilimkuta mtoto hospitalini, amewekwa barakoa ya dawa, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, rozari bado mkononi.

"Nilisema," akaanza. "Akibanwa tena..."

Sikumung'unya maneno. Nilimwambia mtoto haendi popote. Nilimwambia ni yeye aliyembana, yeye na ufagio wake na vitambaa vyake, na kwamba mashine ikigusa sebule tena nitaondoka nayo pamoja na mwanangu. Watu walitugeukia. Kwetu Mwanza na kwao Bujumbura, mkwe hasemi hivyo na mama wa mumewe. Nilisema, na nilisikia raha.

Nikachukua likizo. Niliziba vile vitundu kwa nailoni na gundi ya karatasi, nikatoa zulia, nikawa napiga deki kwa kitambaa kibichi, dirisha limefungwa, mlango umefungwa, mashine karibu na kitanda. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mtoto alikaa humo. Alilala bila kukohoa. Kila asubuhi nilipita mbele ya mama mkwe bila haraka, nimeubeba ule wavu uliojaa wekundu, nikausugulie nje anione. Nilikuwa nimeshinda na nilitaka ajue.

Watoto wa jirani walicheza mpira kichochoroni. Binti yangu aliwatazama kupitia kioo, paji la uso limegusa dirisha. Akishika komeo tu nilipiga kelele kutoka jikoni. "Funga!" Alifunga. Ni mtoto msikivu.

Mama mkwe alipofungasha kurudi kusini hakugombana na mtu. Aliingia kumuaga mjukuu wake, nami nikasimama mlangoni nikilinda.

"Bibi," mtoto akauliza, "kwako dirisha linafunguliwa?"

"Iko wazi siku yote, mwana wangu."

"Na nje nitatoka?"

"Unatoka mpaka unachoka weye mwenyewe."

Mtoto akanitazama. Hakuomba ruhusa. Alishuka kitandani, akakaa sakafuni, akaanza kuvaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia, akavua, akavaa upya.

Nilimwekea nguo kwenye mkoba. Nikamwonyesha mama mkwe jinsi ya kumpulizia dawa yake, naye akanisikiliza kwa makini, bila neno la kejeli, jambo lililonichoma kuliko matusi. Walipoondoka nilirudi chumbani. Mashine ilikuwa inaunguruma taratibu karibu na kitanda, taa ya kijani imewaka kuonyesha kwamba hewa ni safi. Nikaichomoa kwenye umeme.