Bahasha Chini ya Mguu wa Meza

Dada yangu ametunza stoo ya vipuri miaka sita akiitwa kaimu. Miaka sita! Ukaimu gani huo usioisha? Hujamaliza kutaja beringi unayoitaka, keshakuwekea mkononi. Mimi nashona magunia kiwanda hichohicho, kwa hiyo sisimulii ya kusikia.

Mwaka huu nafasi yake ikatangazwa. Bosi wa Utumishi, tunayemwita Tai kwa sababu hata jasho limtiririke vipi halegezi tai yake, akapeleka tangazo gazetini, akapeleka vyuoni, akapeleka kwa wakala wa ajira. Eti anatafuta mtu mwenye uzoefu! Na mwenye uzoefu yuko nyuma ya ukuta wake, anamsikia hata akikohoa. Dada hakununa. Aliandika barua ya maombi kwa mkono, akaipeleka mwenyewe, akasubiri kuitwa.

Wiki tatu, kimya. Jumatatu moja akaitwa. Gauni la bluu alilipiga pasi mara mbili, maskini. Kumbe anaitwa akabidhiwe bwana mmoja aliyeletwa na wakala.

"Mama, huyu ndiye mtunza stoo wetu," Tai akasema. "Mfundishe kazi."

Dada akainamisha macho asije akalia mbele yao. Ndipo akaiona bahasha yake, imekunjwa mara nne, imesukumwa chini ya mguu mfupi wa meza ya Tai ili isiyumbe. Haijafunguliwa!

Jamani, mimi ningeipindua meza ile. Yeye aliweka funguo za stoo juu yake, akainama, akachomoa barua yake, akaenda zake nyumbani. Meza ikayumba, chai ikammwagikia Tai mapajani. Afadhali.

Alhamisi mashine kubwa ikagoma. Mgeni wao alipekua rafu kutwa nzima, beringi hakuiona. Jioni Tai huyo uani kwetu, tai imelegea.

"Mama, tafadhali, njoo hata nusu saa."

Dada alikuwa anafua. Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na bahasha.

"Fungua. Soma kwa sauti."

Akasoma amesimama. Kiti hatukumpa. Akaimaliza, na ile miaka sita yote.

"Haya," dada akasema, akirudi kwenye beseni lake. "Sasa kaandike barua ya kuniajiri, uniletee. Na neno kaimu nisilione humo."