Sufuria ya Mama Kwenye Gari la Mbio

Mwaka 1953, nikiwa na miaka kumi na moja, mama yangu alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga, na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la pili. Anayetaka kunicheka na anicheke sasa, amalize, kisha tuendelee. Nyumbani kulibaki baba, mimi, na wadogo zangu pacha, Kulwa na Doto, wa miaka minne. Kuanzia siku ile mimi ndiye niliyewasha moto, nikachota maji, nikapika, nikasugua vyombo.

Baba yangu, Maganga, alikuwa muhunzi. Tanuri lake lilikuwa Ng'ambo, hapa Tabora, nyuma ya gereji ya Mhindi mmoja aliyeitwa Ramji, na chumba chetu kilikuwa hatua kumi kutoka kwenye tanuri. Baba alifua majembe, mashoka na visu. Baba yake alifua majembe, na babu yake pia. Mimi alikuwa ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Kabula.

Enzi zile, wenzangu mnakumbuka, Ng'ambo ilinukia ngozi, asali na makaa. Kengele ya misheni ikilia na wewe bado hujafika kisimani, ujue umechelewa na foleni utaikuta. Tulikula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama kisigino cha mpagazi. Unakitafuna kimoja kutoka nyumbani hadi kisimani na kurudi, na bado kimo mdomoni. Watoto wa leo ukiwapa watakuuliza kinafunguliwa wapi. Wavulana waliunda magari ya waya na kuyawekea magurudumu ya visoda. Nami niliunda langu, usukani mrefu mpaka kifuani, na lilikata kona kuliko ya kwao. Wakasema mtoto wa kike hachezi gari. Nikawaambia, basi lisukumeni la kwenu lipite la kwangu. Halikupita.

Sasa, baada ya arobaini ya mama, ukoo ulikaa. Shangazi yangu wa Nzega alisema mwanamume mjane hawezi kulea, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Wakaamua hivi: maadamu Maganga ana pa kukaa na pa kufanyia kazi, watoto wabaki. Akikosa, Kulwa aende kwa shangazi Nzega, Doto aende kwa baba mdogo Igunga. Mimi, walisema, ni mkubwa, nitapata tu pa kwenda. Kutenganisha pacha! Baba aliinuka. Alirudi kwenye tanuri akavukuta moto usio na kazi ndani yake.

Ndipo lilipoletwa lile gari.

Lilikuwa gari la mbio la Mwingereza mmoja wa mambo ya madini. Lilitoka pwani kwa treni, likashushwa Tabora kusubiri treni ya Mwanza. Yeye kusubiri hakuweza, akasema ataliendesha mwenyewe. Alishika njia ya kaskazini, ile ile ya misafara, ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu begani, kwa miguu, wakafika. Yeye hakufika mbali. Gari lilikuwa chini mno, tumbo karibu liguse mchanga, na kisiki kikalipokea. Akarudishwa na gari lake juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Wavulana wakampa jina hapo hapo: Bwana Kimbia.

Watu walijaa gereji kama kwenye ngoma.

"Hili si gari, ni mtumbwi," alisema muuza asali mmoja.

"Mtumbwi gani una magurudumu ya baiskeli?" mwenzake akamjibu. "Wewe umeuona wapi mtumbwi, huko kwenu Sikonge msituni?"

Magurudumu yalikuwa ya spoku kweli. Saidi, fundi mota wa Ramji, alituonyesha kwamba kila gurudumu lilishikwa na nati moja tu ya katikati, yenye masikio mawili, unaigonga kwa nyundo laini. Nati za upande mmoja zilikatwa meno kinyume na za upande wa pili, ili gari likikimbia zijikaze zenyewe. Nilisimama pale nikazungusha kidole hewani mpaka nikaelewa. Saidi akafungua boneti. Silinda sita, mstari mmoja. Kabureta tatu, wakati lori la Ramji lilikuwa na moja na bado lilikohoa. Juu ya kichwa cha injini zilipita shafti mbili, moja ya kufungua valvu za kuingiza hewa, nyingine za kutoa moshi, kila moja na kazi yake, hazigombani. Alipoiwasha haikunguruma kama lori. Ilisema kitu kama mtu anayeimba amefunga mdomo.

Bwana Kimbia, kwa Kiswahili chake cha kuamuru wapishi, alituambia kwamba magari kama lile yalitengenezwa machache sana, kila moja kwa mikono. Baada ya vita, Ulaya chuma kilikuwa adimu, lakini madini ya kutengenezea ndege yalikuwa yamebaki tele, basi wakachukua hayo, wakayagonga juu ya fremu ya mbao. Akagonga bawa, yaani madigadi, la mbele la kushoto, lililopasuka na kujikunja mpaka likashika tairi. "Alumini," akamwambia baba, ambaye Ramji alikuwa amemwita. "Fundi, hii alumini. Fahamu?"

"Nafahamu, Bwana," alijibu baba.

Baba alidhani ni jina la gari. Wiki nzima alikuwa akisema, "Mayu, niletee maji, nimshughulikie huyu Alumini."

Ramji alimvuta baba pembeni. Nilikuwa namwaga majivu, nikasikia.

"Maganga, mimi nimempa Bwana neno langu. Jumamosi gari liwe tayari. Likiharibika, mimi nitaaibika mji mzima, na wewe utang'oa tanuri lako uondoke. Chumba pia."

"Bati ni bati, Ramji. Nitalinyoosha."

Jumatano asubuhi Saidi alilifungua lile bawa, baba akaanza kuligonga. Likawa linakuwa gumu na kutoa nyufa. Akasema ni tabia ya chuma, kikigongwa baridi kinakasirika, lazima kipashwe moto. Na muhunzi chuma anakisoma kwa rangi: kikiwa chekundu kimeiva, unakitoa. Akaingiza kona moja ya bawa kwenye makaa, nikavukuta, naye akasubiri wekundu. Tukasubiri. Ile kona ilikuwa nyeupe vile vile, haibadiliki. "Vukuta, mayu." Nikavukuta. Halafu, bila kutuaga, kona yote ikaanguka ndani ya makaa kama uji.

Baba alilitoa bawa na koleo, akabaki analitazama lile pengo la ukubwa wa viganja viwili. Kulwa na Doto walikuwa mlangoni wanachezea misumari. Baba akawaangalia wao, kisha akaangalia chini. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye msiba.

Nikaokota tone moja lililokwisha kupoa. Lilikuwa jepesi, jeupe. Kitu kile nilikuwa nakisugua kila siku.

"Baba, hii siyo bati. Hii ni sufuria."

"Nini?"

"Ni sufuria, baba. Gari la Bwana wamelitengeneza kwa sufuria."

Sasa nyinyi mliopikia kuni mnajua. Kabla ya kuteleka, unapaka sufuria sabuni ya mche kwa nje, ili masizi yasing'ang'anie. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeteleka sufuria ndogo, Doto akalia, nikamkimbilia. Niliporudi maji yalikuwa yamekauka, sabuni imekuwa nyeusi, na nilipoishika kwa kitambaa ukingo ukajikunja mkononi kama chapati. Nilichapwa kwa hilo. Basi nikamwambia baba: haya madini hayaoni haya, hayawi mekundu. Tupake sabuni. Yenyewe, kwa rangi yake, itatuambia yameiva.

Baba alilaza koleo chini. Mtu ambaye ukoo wake umefua chuma tangu misafara, anafundishwa na mpika ugali. Kisha akasema, "Lete sabuni."

Tulijaribu kwanza kwenye kipande kilichochanika. Nikapaka, tukashikilia juu ya moto. Sabuni ikawa rangi ya chai, ikawa kahawa. "Toa!" nikapiga kelele. Akatoa, kikapoa, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikakubali. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

Toka hapo macho ya kazi yalikuwa yangu, kwa maana ya baba yalizoea mwanga wa chuma, rangi ya sabuni hakuiona vizuri. Mimi napaka, mimi nasema toa, yeye anagonga kwa nyundo ya mninga juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Ikigoma kuwa laini, tunarudia. Alhamisi jioni mkunjo wote ulikuwa umelala kama ngozi ya ngoma. Pengo tu ndilo lililobaki.

Tulikuwa na sufuria moja kubwa, aliyokuja nayo mama alipoolewa, ndiyo tuliyopikia watu msibani. Baba aliishika mikono miwili.

"Mayu, hii ni ya mama yako."

"Angekuwepo angekwisha kuikata," nikamjibu.

Tukaikata. Akakifua kipande kwa umbo la ile kona mpaka kikaingia mahali pake, akakipiga riveti kwa ndani. Saidi akapaka rangi ya kijani. Kwa nje huoni kitu.

Jumamosi asubuhi shangazi alifika kutoka Nzega na kikapu kitupu cha nguo za Kulwa, maana habari za kona iliyoyeyuka zilikuwa zimemfikia. Akakaa kwenye kigoda chetu, hata maji hakutaka. Bwana Kimbia naye akaja. Alipitisha kiganja juu ya bawa kama anayempapasa farasi. Akainama, akatia mkono kwa chini, mkono ukasimama.

"Hii nini hapa?"

Ramji akafungua mdomo, lakini baba alimtangulia. "Sufuria, Bwana."

"Sufuria?"

"Sufuria ya kupikia wali. Kona ya kwanza niliichoma. Binti yangu ndiye aliyejua dawa."

Ramji alikuwa rangi ya majivu. Bwana akaninyooshea kidole, "Huyu?" Baba akasema huyu. Bwana akagonga bawa kwa kucha, upande mpya, upande wa zamani, akasikiliza. Sauti ilikuwa moja. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Sasa gari yangu iko tayari kupika!" Akaingia, akaondoka kwenda stesheni taratibu kama anayebeba mayai.

Ramji alimwambia baba mbele ya watu wote, "Wewe kaa hapo mpaka uchoke." Shangazi akanyanyuka, akakung'uta kanga, akasema ana basi la kuwahi. Kikapu kiliondoka vile vile kilivyokuja.

Siku hizi gari likigongwa, mjukuu wangu analichomekea kompyuta, kioo kinamwambia ugonjwa, anaagiza bawa la plastiki kwa simu na kubandika. Anajua mwendo wa kila gari la mbio duniani, na kubadilisha tairi hunililia, "Bibi, njoo ushike hapa." Simlaumu sana. Ila enzi zetu kitu kilichovunjika ulikaa nacho, ukakibembeleza, mkajuana. Natembea Ng'ambo sasa, sisikii nyundo.

Wenye vyeti huniuliza nimepata nini kwa darasa la pili. Nina gereji Ipuli, mashine mbili za kuchomelea, mafundi watano. Nina nyumba Cheyo, vyumba sita, umeme na maji. Nina ng'ombe kumi na wanne. Nina pikapu, kuukuu lakini inawaka. Na nyuma ya gereji nina nyumba nyingine ya milango miwili: mmoja wa Kulwa, mmoja wa Doto, wazee wenye mvi sasa, wanaogombana kila asubuhi ni nani wa kufagia uwanja.