Mababu wa Kuazima

Teksi ya baba ilinuka mazulia mabichi na iliki. Mazulia hayakuwa yamekauka tangu theluji ilipoanza, na iliki ilitoka kwenye chupa ya chai aliyoibana kati ya viti viwili vya mbele. Mpaka leo nikipanda gari lenye hita iliyowashwa hadi mwisho na ndani mna mtu mwenye chai ya viungo, mimi hufungua dirisha kabla sijajua kwa nini. Nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi asubuhi, majira yale ya baridi, baba alinichukua kutoka nyumbani kwetu Wheaton, akanikalisha mbele ingawa mama alikataza, tukaifuata barabara ya Rockville Pike taa baada ya taa, huku akinifundisha majina ya watu ambao hawakuwa mababu zangu.

Kwa Wasomali, mtoto hufundishwa mapema kuwahesabu baba zake. Anaanza na jina lake, la baba, la babu, la baba yake babu, anapanda hivyo hivyo mpaka amfikie yule aliyeanzisha ukoo. Mtu mzima akikuuliza wewe ni nani, hataki kujua unasoma darasa la ngapi. Ukimaliza kuhesabu, ameshajua akukaribishe vipi, na kama mwanawe anaweza kuoa kwenu. Sisi ni Wamadhiban. Watu wetu walikuwa wawindaji na mafundi wa ngozi, walioshona viatu, matandiko na mifuko ya kuhifadhia Kurani, na wanawake wao walisuka nywele za maharusi na kuzalisha wake za watu. Kila boma lilihitaji kazi zao, lakini hakuna boma lililowataka ndani ya uzio. Kuoana nao ni mwiko. Husimuliwa kwamba wakati wa njaa kubwa babu yetu wa zamani alikula nyamafu, na kwa tonge lile moja vizazi vyote vilivyofuata vikawa najisi. Nimejiuliza mara nyingi wale wengine walikula nini siku hiyo, maana wao pia hawakufa.

Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Nilizaliwa Mombasa, wazazi wangu walikokimbilia kuepuka vita kabla ya kuhamia huku ughaibuni, na baba aliipenda lugha ile kama mtu anavyopenda nyumba yenye mlango wa nyuma. Alisema kwa Kiswahili mtu akikuuliza kabila unamjibu Msomali, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya nyanya. Tulipokuwa kwenye maduka makubwa ya Wheaton na mama akasikia Kisomali nyuma yetu, alinibana mkono na kuanza kuniuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, kama nataka soksi. Nilikuwa na soksi nyingi mno utotoni.

Majira yale dada yangu Sahra alikuwa amechumbiwa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mcheshi, mfanyakazi wa duka la dawa, na yeye na mchumba wake Abdi walijuana chuoni Rockville. Abdi alitoka katika ukoo mkubwa wa wafugaji wa ngamia, ila alipenda kusema kwamba mambo ya koo waliyaacha uwanja wa ndege. Sahra alimwamini kiasi kwamba hakuona haja ya kumwambia sisi ni nani. Wajomba zake Abdi walipokuja kuposa na kuuliza, baba aliwatajia ukoo wa watu wengine, wakaridhika. Kisha ikaja simu: bibi yake Abdi anakuja kutoka Kanada kumwona bibi harusi. Baba aliweka simu chini, akanitazama mimi.

“Sisi wakubwa hatatuuliza,” alimwambia mama. “Yuwajua mtu mzima hujipanga. Atamuuliza mtoto.”

Kwa hiyo nikaanza kujifunza. Hibo, Yusuf, Farah, Warsame, Geedi, Samatar, Liban, Roble, Guled, Elmi, na kuendelea, majina kumi na moja juu ya la baba. Nilimuuliza aliyapata wapi. Akasema aliyasikia. Alipokuwa mdogo, baba yake alishona ngozi nje ya boma la watu hao, na kila jioni watoto wa ndani walipangwa mstari wahesabu mababu zao. Yeye alikaa upande wa pili wa miiba, akipaka mafuta kamba za viatu, akisikiliza. Hakuna aliyemfundisha, lakini hakuna aliyeyajua vizuri kuliko yeye.

Kilichonitia hofu ni jina moja tu. Babu yangu halisi aliitwa Jama. Nilimjua. Huko Mombasa alinibeba begani na kunimenyea machungwa kwa mkato mmoja usiokatika. Sasa ilinibidi niseme kwamba babu yangu ni Farah, na kila nilipofika pale, ulimi wangu ulikuwa tayari umeandaa Jama. Nilikosea mara tatu, nne, na kila nilipokosea baba hakunikaripia, aligeuza tu teksi na kuanza upya kutoka taa ya kwanza. Shuleni mwalimu alipoita majina, nilihisi jasho. Sikula vizuri. Niliogopa kukohoa, nikidhani Jama litatoka na kikohozi. Asubuhi moja Sahra alinichana nywele, akaniinamia sikioni.

“Hibo, mdogo wangu, ukikwama wala usijali, jifanye unalia. Watoto hulia.”

“Nisipokwama?”

“Usipokwama nitakununulia viatu vinavyowaka taa.” Alicheka, kisha akaanza kunichana upya mahali alipokwisha kuchana.

Siku ya wageni ilikuwa Jumapili mchana. Jirani yetu wa chini, Mama Neema, Mtanzania wa Tanga, alituazima viti na vikombe vyake vyema. Alipotuona tumenyamaza wote jikoni alishangaa. “Jamani, mnapika pilau au mnapika msiba? Huyo bibi anakuja kula au anakuja kukagua?” Mama alijaribu kutabasamu, akashindwa.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amejifunika mtandio wa kahawia, na macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Nilitarajia mtu wa kutisha. Badala yake alinukia udi, akasifu pilau, akamshika Sahra kidevu na kumwita mwezi. Abdi alisimama karibu na mlango akichekelea. Chai ilipoletwa, bibi aliniita, akanisimamisha mbele ya magoti yake na kuniwekea mkono kichwani. Mkono ule ulikuwa mwepesi na wa moto. Akaniuliza kwa Kisomali, kwa upole kabisa, mimi ni nani.

Nilihesabu. Nilipofika kwa babu, nikasema Farah. Baada ya hapo yalitoka yenyewe, moja likivuta jingine, hadi la kumi na moja. Sikukwama popote. Nilimtazama Sahra, naye alikuwa amefumba macho kwa furaha.

“Mashallah,” alisema bibi. Mkono wake ulikuwa bado kichwani mwangu. Akamgeukia baba. “Farah wa Warsame?”

“Ndiye,” alisema baba.

“Dada yangu aliolewa kwenye boma lao. Farah tulimlilia sote. Alikufa na ndevu zake za kwanza, hajaoa.”

Bibi hakuonekana na hasira. Alikuwa anakumbuka, na mimi nilitamani asikumbuke, nilimwomba Mungu amsahaulishe pale pale.

“Nje ya uzio wa boma lile alikaa fundi wa ngozi,” aliendelea. “Alikuwa na kijana mdogo, mkimya, mwenye masikio.”

Baba alitazama mikono yake. “Fundi huyo ni baba yangu,” alisema.

“Jama,” alisema bibi.

Jina nililoliogopa miezi miwili, yeye ndiye aliyelitamka. “Jama alinishonea viatu vya harusi. Nilivivaa mpaka vikaisha. Sijapata vingine kama vile.” Alisema hivyo kwa upole ule ule, kisha akauondoa mkono wake kichwani mwangu na kuomba koti lake. Chai yake ilibaki imejaa. Abdi alimtazama Sahra, akatazama zulia, akamshika bibi yake mkono wasiteleze kwenye barafu ya ngazi. Alipiga simu wiki mbili tatu akisema apewe muda, halafu simu zikakoma. Dada yangu hakuwahi kunilaumu. Alihamia Seattle, akaja kuolewa na Mkamba ambaye akiulizwa babu wa tatu huanza kucheka. Lakini ile jioni, wakati tunaosha vikombe vya Mama Neema, baba aliniambia nilihesabu vizuri, na sijawahi kupewa sifa iliyoniumiza kama hiyo. Laiti ningekwama. Laiti ningelia kama nilivyofundishwa.

Siku hizi vijana wa Kisomali wa hapa huandika kwenye simu zao kwamba hawajali koo, na wengine wameoana kweli, nami nafurahi nikiwaona. Hata hivyo, mama mmoja akinigeukia kwenye basi la Takoma Park na kuniuliza mimi ni nani, mimi hushuka kituo kisicho changu. Hofu haikuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Mwezi uliopita binti yangu, ambaye sasa ana miaka tisa, alipewa kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Baba, aliyezeeka na kuacha teksi, alikuwa amekaa jikoni kwangu. Nilimwambia ampe mtoto majina ya kweli. Akayasema taratibu: Jama, Hirsi, Burale, Diriye. Mtoto akaandika, akamngoja na kalamu juu ya karatasi, akamwambia, “Babu, continue.”

“Yameisha,” alisema baba. “Sisi hakuna aliyekuwa akituuliza.”

Mtoto akanigeukia mimi. Nilibana meno nisijibu, kwa sababu yale kumi na moja yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga mstari, bila hata moja kukosekana.