Mlango Usifunguke Mapema

Mume wangu alianza kuwa njano machoni, kisha mwili mzima, anajikuna mpaka shuka zinashika damu. Tukadhani ni homa ya ini, tukamchemshia majani mwezi mzima kwetu Ibighi. Wote waliotuletea majani nawakumbuka kwa majina, lakini niwasitiri. Walitupenda.

Hospitali kubwa huko Dar es Salaam wakasema ni saratani ya njia ya nyongo, tena imeung'ang'ania mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Daktari alinieleza taratibu, maana mimi shule niliishia darasa la pili.

"Bibi, tutakata njia ya nyongo, kipande cha ini na kipande cha huo mshipa, halafu tuuunge. Tukifungua tukakuta na mishipa mingine imeshikwa, tutamshona tu, hatukati kitu. Ukiniona nimetoka mapema, ujue imeshindikana."

Nilikuwa na mkamwana, mke wa mwanangu. Mwanangu mwenyewe alikuwa safarini na lori. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kumtazama usoni. Asubuhi ya upasuaji kitanda cha mume wangu kilipokuja kinasukumwa, akageukia ukutani, kitenge kichwani.

Mzee akamwomba muuguzi asimame. "We mwanamke, geuka."

"Mama, anasema na mimi?"

"Nasema na wewe. Nimeiva kama ndizi, unaogopa nini? Nisije nikafa hujaniona."

Nikamwambia, "Geuka, mwanangu."

Akageuka. Wakatazamana. "Ndaga, baba," akashukuru kwa sauti ndogo, kitanda kikaingia chumba cha upasuaji.

Basi mimi sikukaa. Saa nne mlango ukafunguka, nikaukimbilia. Kumbe mtu wa usafi na ndoo yake. Saa sita tena, muuguzi anakwenda kula.

"Mama, kaa basi, unanizungusha kichwa," mkamwana akaniambia.

"Nikae wapi?"

Maisha yangu yote nimemwomba Mungu mambo yaishe upesi. Siku ile niliomba wachelewe.

Saa kumi daktari akatoka, barakoa shingoni. "Tumeutoa uvimbe. Mshipa tumeuunga, damu inapita. Ila siku hizi za mwanzo ndizo ninazoziogopa. Pale tulipounga pakiziba, ini litaharibika."

Mkamwana akaketi sakafuni akalia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda kwenye ule mlango.

"Bibi, bado haruhusiwi kuonwa!"

Niliendelea kutembea.