Kesi Iliyofika Mahakama Kuu

Stendi ya Laela, mama mmoja aliyekalia gunia la mahindi alimtazama mzee mwenye koti lililopigwa pasi akipanda basi la Sumbawanga, akasonya.

"Shikamoo, mama. Mmegombana?" nikamuuliza.

"Marahaba. Ni jirani yangu. Kesi yake ya mbuzi mmoja alishindwa Mahakama ya Mwanzo. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashindwa tena. Leo anakwenda Mahakama Kuu. Akirudi, kijiji kizima kitamzunguka awasimulie jaji alivyovaa."

"Na wewe hujawahi kuwa na kesi?"

"Ng'ombe walikula ulezi wangu. Hakimu wa Mwanzo akanipa haki yangu asubuhi, mwenye ng'ombe akanirudishia ulezi, jioni tukanywa pombe ya komoni pamoja." Akageuza uso. "Nani aniulize habari?"

Basi likaondoka. Mzee akatupungia mkono dirishani, taratibu, kama mbunge.

Nikamweleza mama kwamba ngazi ile ya mahakama imewekwa kwa ajili ya asiyeridhika na hukumu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Hivi, mwanangu, aliyeshinda haruhusiwi kukata rufaa?"