Plagi Kwenye Tuta la Maua

Mtaani walimwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Mdomo wake ulikata. Mteja akileta kitambaa kidogo na kutaka gauni pana, aliulizwa kama anapanga kulivaa upande mmoja. Aliyekatwa kuliko wote alikuwa mumewe, fundi magari aliyestaafu gereji akahamishia mikono yake kwenye tuta la maua, chini ya dirisha la chumbani. Bi Mkasi alimwambia mwaka nenda mwaka rudi kwamba maua hayaingii sufuriani. Mzee alicheka tu, akaendelea kuchimba.

Yalikuwa mayungiyungi ya rangi ya chungwa, ya ile aina isiyopandwa upya kila mwaka. Mvua zikiisha majani hunyauka na tuta hubaki kipara, lakini chini mizizi imelala, minene kama vidole, inangoja mvua nyingine. Palipolala kila shina mzee alichomeka plagi kuukuu ya gari, ili jembe lisipite hapo. Ndipo naye akapata jina lake, Mzee Plagi. Mkewe hakuwahi kumuuliza plagi zile ni za nini. Kiangazi kilikuwa msimu wa sare za shule, na yeye alikuwa ameganda kwenye cherehani chumba cha mbele. Akija kuinua kichwa, mvua imeshanyesha na maua yamesharudi. Alidhani yapo mwaka mzima, kama yale ya plastiki.

Kisha kiharusi kikampiga mzee. Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Kikambakizia macho, mkono wa kushoto na mgumio usioeleweka. Bi Mkasi akakisogeza kitanda hadi dirishani. Maua yalikuwa yamechanua, na mzee aliyatazama hata akasahau kumeza uji. Ulimi wa mkewe ukapoteza makali yake yote. Akajiapiza kwamba tuta lile halitafia mikononi mwake, maana hapakuwa na kitu kingine kilichobaki cha kumfurahisha mumewe. Mwaka huo akazikataa sare za shule ili amuuguze.

Kwa hiyo kiangazi kilipoingia, kwa mara ya kwanza alikiona. Majani yakageuka manjano. Akamwagilia asubuhi na jioni, yakazidi kulala chini. Akaongeza maji, yakaanguka. Akavuta pazia na kumdanganya mgonjwa kwamba anamkinga na vumbi, kisha akaenda jikoni kulia. Miaka yote ameyatukana maua ya watu, na sasa ameyaua. Hivyo ndivyo alivyoamini, na hakuthubutu kumwuliza jirani hata mmoja, kwa kuwa aliyezoea kuwacheka wengine huogopa sana kuchekwa.

Akatafuta dawa yake mwenyewe. Akaenda sokoni akanunua maua mengine yaliyokwisha kuchanua kwenye makopo, mekundu na meupe. Akafungua pazia ili mumewe aone jinsi anavyohangaikiwa, akashika jembe.

Akaanza na plagi. Aling'oa moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye kopo la rangi, akinung'unika kwamba fundi hata akistaafu, uchafu wa gereji haumwachi. Kisha akalima. Jembe lilikata mizizi minene, ndani myeupe na yenye maji, naye akasema moyoni kwamba kumbe magugu ndiyo yaliyoyanyonya maua hadi yakafa. Akaikusanya yote na mabua makavu, akaitia moto.

Mzee akaanza kupiga kioo. Bi Mkasi akadhani anasikia joto, akamfungulia dirisha. Mkono ukapiga fremu. Akadhani moshi unamkera, akalifunga. Mkono ukarudi kwenye kioo, pa, pa, pa, na machozi yakamtiririka mzee mpaka shingoni. Mkewe akampungia mkono akitabasamu. Jioni alimsimulia shoga yake kwamba mzee amelia kwa furaha.

Kuanzia siku ile mgonjwa aligeuzia uso ukutani. Akigeuzwa kuelekea dirishani, alifumba macho. Maua ya sokoni hayakustahimili jua, yakafa yote, na safari hii yalikufa kweli.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya alipokuja mwalimu wa chekechea kuchukua sketi yake. Huku akijipima, aliuliza kama mayungiyungi ya hapa yameanza kuchungulia. Ya kwake jani moja limetokeza. Mzee ndiye aliyempa mizizi hiyo zamani, akampa na plagi zake, akamwonya kwamba kiangazi asiyaguse, yamelala tu.

Bi Mkasi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa taratibu, akaketi sakafuni. Akakiona kioo, akauona ule mkono, akajiona mwenyewe anapunga na kutabasamu.

Alipoingia chumbani hakutafuta maneno. "Mume wangu, nimeyachoma mazima. Ulinipigia kioo mimi nikacheka." Mzee hakugeuka.

Mwalimu alirudi na mzizi mmoja, uliokuwa bado umelala. Bi Mkasi akachimba chini ya dirisha, akauweka. Nyuma yake kioo kikagongwa. Akageuka. Macho ya mzee yalikuwa wazi, yamemkazia. Akautoa mzizi, akachimba zaidi, kioo kikagongwa kwa nguvu. Akafukia kidogo, akauinua, akautazama mkono. Akaulaza, akaugeuza, akainua tena. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yote, hakukisia wala hakujibu kwa niaba yake. Alipouweka juujuu, karibu na uso wa ardhi, mkono ukatulia kwenye kioo. Akachukua plagi moja kutoka kwenye kopo, akaichomeka kando yake. Usiku ule mzee alilala ameelekea dirishani.

Alifariki kabla mvua haijanyesha.

Watu wakajaa uani, viti vikapangwa hadi chini ya dirisha. Wanawake walimtaka mjane aingie ndani akae nao, akakataa. Alikaa nje juani, kwenye kigoda, miguu yake imelizunguka tuta lisilo na jani hata moja. Wengine walinong'ona kwamba majonzi yamempanda kichwani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akisafisha ua, akainama kuiokota ile plagi pamoja na takataka nyingine.

Bi Mkasi akamshika mkono.

"Shemeji, hiyo iache. Kaka yako kaniambia hapa pana kitu kimelala."